Wajina aliyeondoka na treni ya Katumba

Kuanzia mwishoni mwa 2007, kila nyumba ya Katumba, makazi ya wakimbizi karibu na mji wa Mpanda, ilikuwa na mazungumzo yaleyale: kubaki au kurudi. Serikali ya Tanzania ilikuwa imetupa sisi wakimbizi wa 1972 kutoka Burundi nafasi ya kuchagua, ama kuomba uraia, ama kurudi Burundi. Wenzetu wa makazi ya Mishamo na Ulyankulu nao waliulizwa hivyohivyo. Tulikuwa zaidi ya watu laki mbili. Wengi tulizaliwa hapahapa kwenye miombo, tukasoma kwa Kiswahili, na Burundi tuliijua kwa masimulizi ya wazazi tu. Karibu watu wanane katika kila kumi waliamua kubaki. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Baba yake wajina, rafiki yangu, alichagua kurudi.

Mimi na yeye tulikuwa na jina moja la ubatizo, ndiyo maana tangu darasa la kwanza hakuna aliyemwita mwenzake kwa jina. Nilikuwa wajina, naye alikuwa wajina. Tulikaa dawati moja, tuliimba kwaya moja, tulikwenda kuchota maji pamoja. Ila hatukufanana. Yeye alikuwa wa kwanza darasani kila muhula, na alicheka kwa sauti iliyosikika mpaka nyumba ya jirani. Mimi mwalimu akinitazama tu, jibu nililokuwa nalo linapotea. Kila aliyetufahamu alijua kwamba kati yetu wawili, mwalimu wa baadaye ni yeye.

Waliondoka tukiwa kidato cha pili. Siku ile stesheni ya Katumba ilijaa watu, magunia, milango iliyong'olewa, mabati yaliyofungwa kwa kamba, baiskeli, kuku. Kwaya yetu ilikuja kuimba. Treni iliwapeleka Kigoma, na kutoka huko wakavuka mpaka kwa malori. Hakuna kati yetu aliyekuwa na simu. Aliahidi kuandika barua, na barua haikuja.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu kwetu tuliobaki pia. Tuliambiwa mwaka 2010 kwamba maombi yetu ya uraia yamekubaliwa, watu zaidi ya laki moja na sitini elfu, lakini vyeti vyenyewe hatukupewa hadi Oktoba 2014. Katikati ya hapo tuliishi tukisubiri kuhamishiwa mikoa mingine, kwa sababu mpango wa mwanzo ulikuwa makazi yafungwe na sisi tutawanywe nchi nzima. Watu walisita kuezeka upya nyumba. Walisita hata kupanda miembe. Katika kusubiri huko niliolewa nikiwa na miaka kumi na nane. Nikazaa. Mume akaenda kutafuta dhahabu Chunya, hakurudi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na alama mbaya. Nikarisiti nikiwa na mtoto mgongoni, nikapata za kutosha kuingia chuo cha ualimu. Baada ya chuo nilijitolea kwanza, ajira ikaja baadaye. Leo nafundisha shule ya msingi, na darasani kwangu kuna watoto zaidi ya tisini. Sauti haipotei tena.

Nilimpata wajina kupitia mama mmoja anayeuza migebuka na mawese sokoni Mpanda. Siku moja tukiwa tunapiga soga aliniambia mawese yake mengine yanatoka Rumonge, Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa mwanamke mmoja mkamuaji ambaye Kiswahili chake ni cha huku kwetu kabisa, si cha Warundi wa Bujumbura. Nikamuuliza umri. Nikamuuliza jina. Niliomba namba hapohapo.

Nilituma ujumbe mrefu wa sauti. Nilimtajia stesheni, kwaya, dawati, mwalimu wa hesabu. Jibu lilikuja baada ya muda mrefu, la maandishi, maneno machache tu: nani kakupa namba yangu?

Nilikaa na swali lile jioni nzima. Mtu mwingine angeudhika, na nilikuwa na kila sababu ya kuudhika. Lakini nilijua jambo moja kuhusu Burundi: tangu vurugu za 2015, watu walipomwagika kuvuka kuja Tanzania, simu kutoka namba ya Tanzania usiyoijua inaweza kumtia mtu wasiwasi. Kwa hiyo nilimjibu nilichoulizwa tu. Nikamtajia yule mama wa sokoni. Yeye akampigia yule mama, akahakikisha. Kisha akanipigia mimi. Kwa muda hakuna aliyesema kitu. Halafu akasema, "Wajina. Ni wewe kweli?"

Sauti sikuitambua. Ile ya Katumba ilikuwa juu, hii ilikuwa chini na ya taratibu, ya mtu anayepima neno kabla ya kulitoa.

Tuliongea kwa simu miezi kadhaa kabla sijaenda. Mazungumzo yenyewe yalikuwa ya juujuu: mvua, watoto, bei. Nilipoamua kwenda likizo ya Juni, nilimuaga mama yangu. Mama alikimbia kutoka Nyanza-Lac, Burundi, mwaka 1972 akiwa msichana, na mwaka 2009 kaka yake waliyeachana huko alikuja kumtafuta Katumba. Nilikuwepo walipokutana. Walilia kidogo, wakala, kisha wakakaa mpaka alfajiri wakipangana miaka, mmoja mmoja: huu ulikuwa wapi, huu ulikula nini, huu nani alikufa. Kwa hiyo mama alijua anachokisema aliponiambia, "Usiende kumuuliza kama anakumbuka. Muulize alikuwa wapi."

Nimelifikiria sana neno hilo la mama, na naamini ndilo lililotuokoa. Tukimpata mtu wa zamani huwa tunakimbilia kumbukumbu, kwa sababu kumbukumbu ni eneo ambalo wote wawili tunalifahamu na halina hatari. Unakumbuka fulani? Unakumbuka siku ile? Mnacheka, saa zinapita, na mnaagana mkiwa bado hamjuani. Yule msichana wa dawatini hayupo tena. Aliyepo ni mwanamke aliyeishi zaidi ya miaka kumi na mitano bila mimi, na kama siitaki hiyo miaka basi yeye simtaki, nautaka utoto wangu tu.

Nilipita Uvinza, nikalala Kigoma, nikavuka mpaka wa Manyovu na kadi yangu ya homa ya manjano na hati ya kusafiria yenye nembo ya Tanzania. Ofisa wa upande wa pili alinisalimia, "Amahoro," nikamwitikia kwa Kirundi. Akaitazama hati yangu, akanitazama mimi, akagonga muhuri. Nilitoka pale miguu ikiwa mizito. Wazazi wangu walivuka mpaka huu wakikimbia kuokoa roho zao, nami nilikuwa naingia kama mgeni mwenye kibali. Mafuta ya gari yalikuwa adimu Burundi nzima, magari machache, abiria wengi. Tulishuka kutoka Mabanda mpaka Nyanza-Lac, kisha barabara ikafuata ziwa, michikichi upande mmoja na maji upande wa pili. Nilikuwa nimesimuliwa njia hii tangu nikiwa mtoto, na bado nilishangaa kuona jinsi ilivyo nzuri.

Wajina alikuwa akinisubiri stendi ya Rumonge. Tulikumbatiana. Hakucheka kwa sauti. Aliniambia nimenenepa, nikamwambia yeye amekonda, na tukaanza kutembea kwenda kwake huku amenishika mkono kama tulivyokuwa tukitembea kwenda shule.

Usiku ule, watoto walipolala, nilimwuliza. Nilisema, "Wajina, tuanzie treni. Ulipofika, ulikuwa wapi?"

Alinyamaza kwanza. Kisha akaanza, na hakuacha mpaka karibu kunakucha.

Baba yake alikuta shamba lake la michikichi lina wenyewe. Familia iliyokuwa pale ilikuwa imelima tangu miaka ya sabini, watoto wao wamezaliwa pale, nao waliamini ni lao kama baba yake alivyoamini ni lake. Kesi ilikwenda kwenye tume ya ardhi, ikaamuliwa wagawane nusu kwa nusu. Mpaka ulipitishwa katikati ya miti. Baba yake alikubali kwa mdomo na akaugua kwa moyo, hakuishi muda mrefu. Leo familia zile mbili zinakamua mawese kwenye mashine moja ya mkono. Aliniambia hilo bila chuki. Alisema yule mzee wa upande wa pili ndiye aliyechimba kaburi la baba yake.

Kuhusu shule, sauti yake ilibadilika. Kule masomo yalikuwa kwa Kifaransa. Yeye, wa kwanza wa Katumba, mwanafunzi wa kidato cha pili, alirudishwa akae na watoto wadogo kuliko mdogo wake, akihangaika na lugha ambayo hakuwahi kuisikia. Kirundi chake kilichekwa, na wenzake walimwita Mtanzania. Alivumilia mwaka mmoja na zaidi kidogo, kisha akaacha. Akaolewa mwaka 2011.

Nilikuwa bado sijamwambia kazi yangu. Kwenye simu nilikuwa nimesema nimeajiriwa serikalini, naye hakuuliza zaidi. Sasa ilinibidi niseme, na nilijua linapokwenda kugonga. Nilisema wazi: "Mimi ni mwalimu, wajina." Aliniangalia kwa muda. Akauliza nafundisha nini. Nikamwambia Kiswahili na Kiingereza, darasa la tano na la sita. Akauliza, "Na wewe ndiye unayesimama mbele?" Nikasema ndiyo. Akawa analia, na sikumwambia anyamaze, wala sikupunguza mafanikio yangu ili kumfariji. Sikumweleza kwamba mshahara ni mdogo au kwamba kazi inachosha. Naona mtu ukimficha jambo zuri lako kwa kumhurumia, umeshamweka chini yako. Alipomaliza kulia aliniomba nimfundishe pale pale kitu kimoja, chochote, kama anavyofundishwa mtoto wa darasa la tano. Tulifanya ngeli, saa nane za usiku, na kibatari kikiwa kati yetu. Alizikumbuka zote.

Halafu akafika 2015.

Machafuko yalipoanza alikuwa na mtoto mdogo na mimba. Walikimbia kwa mtumbwi, usiku, wakashukia Kagunga, kile kijiji cha ufukweni upande wa Tanzania ambacho mwezi Mei mwaka huo kilijaa makumi ya maelfu ya watu kwenye kipande kile kati ya mlima na ziwa. Kipindupindu kikaingia. Alisimama kwenye foleni siku nyingi akisubiri zamu ya kupanda Liemba, meli iliyokuwa ikiwavusha kwenda Kigoma. Mimba ile haikufika mwisho wake. Kutoka Kigoma walipelekwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na Nyarugusu aliishi mpaka 2018, aliporudi Rumonge kwa msafara wa hiari.

Nyarugusu iko Kasulu. Kutoka pale mpaka Mpanda ni safari ya basi. Miaka ile yote mitatu nilikuwa naishi hapo karibu, na yeye alijua. Katumba hatukuhama, kila mtu alijua familia yetu ilipo, ujumbe mmoja kwa mfanyabiashara yeyote ungenifikia.

Hakutaka unifikie. Aliniambia kwa utaratibu: "Niliondoka kwenu kwa nyimbo. Ningerudi vipi na kadi ya chakula?"

Hapo ndipo urafiki wetu ungeweza kuvunjika mara ya pili. Nilisikia maumivu makali. Nilitaka kumwambia ningemfuata kwa miguu. Nilitaka kumuuliza amenionaje mpaka adhani ningemcheka. Lakini hayo yote yalikuwa yangu, na usiku ule ulikuwa wake. Nilimshika mkono nikamwuliza mtoto wa Kagunga alizikwa wapi. Hakuna mtu wa nje ya nyumba yake aliyekuwa amewahi kumuuliza hilo. Alinieleza.

Watu wengi wanadhani aliyekaa kimya alikusahau. Sidhani hivyo tena. Mara nyingi mtu hukaa kimya kwa sababu anakukumbuka mno, na anajilinganisha na jinsi ulivyomwona mara ya mwisho. Ukimkuta, usimdai maelezo ya kimya chake kana kwamba ni deni. Atakupa akiona kuna pa kuyaweka.

Kesho yake ilikuwa zamu yangu, naye aliniuliza vilevile, mwaka kwa mwaka, na hakuniachia nirukie. Nilipofika kwa mume wangu na Chunya nilitaka kupita haraka, akanizuia: "Hapo hujasema." Tulikuwa kiwandani kwake, yaani kibandani nyuma ya nyumba ambako vichala vya michikichi vinakatwa, punje zinachemshwa kwenye pipa, kisha zinakamuliwa kwa ile mashine ya kuzungusha mpaka mafuta mekundu yanatiririka. Mikono yetu ilikuwa na kazi, na kwa mikono yenye kazi niliweza kusema mambo ambayo hata mama sijamwambia.

Tuliigusa siku ya treni pia. Mimi nilikuwa nimeitunza kama siku ya nyimbo, huzuni nzuri, kwaya na vitambaa vinavyopepea. Yeye anakumbuka kiu, na mdogo wake aliyebanwa kati ya mabati na ukuta wa behewa, na kwamba alitamani ile kwaya inyamaze kwa sababu baba yake alikuwa akimkazia macho ili asilie. Tangu siku ile haimbi. Kanisani anakaa kwenye benchi kama watu wengine. Nilikuwa nimebeba kitabu changu cha nyimbo ndani ya begi, nikakiacha humohumo. Kumbukumbu yangu haikuwa ya uongo, na ya kwake pia haikuwa ya uongo, na hatukuona haja ya kuzipatanisha.

Kuna jambo la fedha ambalo lazima nilitaje, maana limeua urafiki mwingi uliofufuliwa kwa simu. Watu wanapatikana, wiki ya pili mmoja anaomba nauli, wiki ya tatu ada, wiki ya nne hapokelewi tena. Simlaumu anayeomba, shida ni za kweli. Wala simlaumu asiyeweza kutoa. Sisi tulilizungumza kabla halijafika. Nilitaka kumwachia pesa alipokuwa ananisindikiza, akakataa kabisa, na uso wake ukawa kama ule wa usiku aliponisimulia Nyarugusu. Akasema kama nataka kumsaidia, nimuuzie mawese yake. Sasa yule mama wa sokoni akivuka analeta madumu mawili matatu ya wajina yaliyowekwa alama, nawauzia walimu wenzangu na majirani, na fedha inarudi na yuleyule mama. Faida ni ndogo na faranga ya Burundi haitulii, leo ina thamani hii, mwezi ujao ina nyingine. Lakini kila wiki tuna la kuandikiana, na hakuna anayemwonea mwenzake haya. Sisemi kila mtu afanye biashara na rafiki. Nasema tu kwamba kwetu hesabu za madumu zimefanya kazi ambayo salamu peke yake zisingeweza.

Sisemi pia kwamba kila mtu wa zamani atafutwe. Yuko mmoja upande wangu, wa Chunya, ambaye najua alipo na sitampigia. Aliyekuumiza na hajabadilika huna wajibu wa kumfungulia mlango kwa kuwa tu mlijuana zamani. Wajina hakuwahi kuniumiza. Tulitenganishwa na uamuzi wa baba wawili, na wote wawili waliamua kwa kuwapenda watoto wao. Nilimuuliza kama anadhani baba yake alikosea. Alisema hapana: alikufa akiwa kwenye udongo wake, nusu au nzima. Nami baba yangu sidhani alikosea. Hapo hatukubaliani wala hatupingani.

Binti yake mkubwa ana miaka kumi na mitatu. Ana akili za mama yake, nilizipima mwenyewe kwa maswali kabla ya siku ya pili kwisha. Kiswahili anafundishwa shuleni na anakisikia nyumbani. Wajina anataka aje kwangu Mpanda, asome sekondari. Nilimwambia ukweli kwamba sekondari kwetu ni Kiingereza, na lugha ile inaweza kumfanya mtoto kile ambacho Kifaransa kilimfanya yeye. Akanijibu kwamba yeye hakuwa na mwalimu nyumbani. Nimekubali kumfundisha jioni, miezi kadhaa kabla hajaingia darasani, ili asikae hata siku moja bila kuelewa kinachosemwa mbele.

Mume wake bado hajaridhia. Ni mtu mpole, alinipokea vizuri, lakini Tanzania kwake ni Kagunga na Nyarugusu. Aliniuliza tukiwa mezani, kwa heshima: "Na akirudi, dada, atarudi mtu wa wapi?" Nilimwambia atakuja Rumonge kila likizo, nitamleta mwenyewe hadi Manyovu, na kwamba mimi niliyeulizwa swali hilo maisha yangu yote bado nalala vizuri. Alitikisa kichwa, akasema atafikiri. Nimeshaulizia Uhamiaji utaratibu wa kibali cha mwanafunzi na nimempelekea wajina orodha ya karatasi zinazohitajika. Shule zinafunguliwa Januari. Ameniomba nisimpigie mume wake tena kuhusu hilo, jibu atanipa yeye.